Pande Mbili za Talaka Moja

Spotify huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa ukishapigwa kwa sekunde 30. Baada ya hapo malipo yameshapatikana, na sehemu iliyosalia, hata ikiwa ndiyo yenye roho ya wimbo, haimwongezei mtunzi hata senti. Tangu Desemba 2014 jarida la Billboard nalo limekuwa likijumlisha usikilizaji wa mtandaoni katika chati yake ya albamu, na kwa hesabu ya mwanzo nyimbo kupigwa mara 1,500 kulikuwa sawa na albamu moja iliyouzwa. Kanuni hizi mbili zinaonekana kuwa mambo ya wahasibu tu, lakini zimeingia mpaka studio. Viitikio vimesogezwa mbele, vianzio vimekatwa, na albamu imerefuka bila sababu ya kisanaa, maana nyimbo nyingi ni hesabu nyingi. Katika muziki wa kantri wa Marekani, Morgan Wallen alitoa mwaka 2023 albamu yenye nyimbo 36. Ndani yake mna machungu ya kuachwa, tena tele, na baadhi ya nyimbo hizo ni nzuri, lakini ni vigumu kueleza kwa nini wimbo wa 17 umefuata wa 16. Ninachotaka kukitetea hapa ni ufundi ambao hesabu hiyo imeuacha bila kazi: ufundi wa kuyapanga machungu ya mapenzi katika albamu nzima, upande kwa upande, hata mpangilio wenyewe ukasema jambo ambalo wimbo mmoja usingeweza kulisema. Kuachana ni jambo kubwa mno kwa dakika tatu. Kuna anayeondoka na kuna anayebaki, kila mmoja ana saa yake ya kulia, na saa hizo hazilingani. Anayetaka kulieleza hilo kwa ukweli anahitaji chombo chenye nafasi, na muziki wa kantri uliwahi kuwa nacho.

Ushahidi wangu mkuu ni albamu ya Willie Nelson iitwayo Phases and Stages, iliyotolewa na kampuni ya Atlantic mwezi Machi 1974. Nelson, mzaliwa wa kijiji cha Abbott, Texas, mwaka 1933, alikuwa ameshafahamika Nashville kwa muda mrefu kama mtu wa kuwatungia wengine. Mwaka 1961 Patsy Cline aliimba wimbo wake Crazy na Faron Young akaimba Hello Walls, na nyimbo hizo zikawapa waimbaji hao sifa kubwa. Yeye mwenyewe alipoimba, miaka yote aliyokaa na kampuni ya RCA, wakubwa wa studio waliifunika sauti yake kwa fidla nyingi na waitikiaji, wakiona haina ulaini wa kuuzika. Nyumba yake ya Tennessee iliungua, akarudi Texas, na kufikia wakati wa albamu hii ndoa zake mbili zilikuwa zimekwisha kuvunjika. Pengine ndiyo maana hakutaka kutunga wimbo mwingine wa kulia kwenye glasi ya pombe. Alitunga talaka nzima. Upande wa kwanza wa santuri ni wa mke na upande wa pili ni wa mume, na hakuna zaidi ya hapo katika mpango wa kazi hii. Urahisi huo ndio uliomtaka fundi, kwa sababu mahali pasipo na mapambo kila kosa huonekana.

Tunamkuta mwanamke anaosha vyombo. Hapana ugomvi, hapana barua ya hawara iliyookotwa mfukoni. Kuna sakafu ya kusugua, kuna kazi zisizokwisha, na kuna mume anayetunzwa hali mwenyewe hajali tena. Chuki inajifunzwa polepole, kazi kwa kazi. Katika wimbo wa pili mwanamke huyu anaamua kuondoka, naye anaondoka kwa mwendo wa kutembea, mwendo wa mtu aliyekwisha kuwaza. Wa tatu ni ujumbe wa kuaga: mume aishi kana kwamba mkewe hakuwahi kuwapo. Kisha linatokea jambo ambalo masikio ya haraka hayalitambui. Katika wimbo wa nne sauti inahama. Anayesema sasa si mwanamke mwenyewe bali ni watu wa kwao, wanaomwona dada anarudi nyumbani, na mama anayemwacha alale mchana kutwa bila kumuuliza neno. Mtunzi amemnyamazisha mhusika wake mkuu palepale ambapo mhusika angekuwa amechoka mno kusema. Yeyote aliyewahi kumpokea binti aliyerudi kwao anaijua heshima ya usingizi ule usioulizwa maswali. Wimbo huohuo unaingia katika mwingine bila kukata, na tunamwona dada kwenye baa ya kona, amevaa jinzi, anacheza dansi. Upande unaishia kwenye swali la hofu: atajuaje kwamba ameanza kupenda tena? Hajapata mwanamume mpya wa kumwokoa. Amepata uwezo wa kuogopa mapenzi tena, na kwa mtu aliyeanza kwenye sinki la vyombo hiyo ni safari ndefu.

Upande wa pili unaanza kwa kasi. Banjo inakimbia, ngoma zinakimbia, na mwanamume yuko ndani ya ndege, ametoka Los Angeles anakwenda Houston, mkononi ana kinywaji cha asubuhi cha kuzimulia ulevi wa jana. Anayesikiliza wimbo huu peke yake, ule uitwao Bloody Mary Morning, anaweza kudhani ni wimbo wa furaha, na wengi wameucheza kwa furaha hasa. Katika mahali pake una maana nyingine kabisa. Tumetoka kusikia upande mzima wa mwanamke aliyekwenda kwa miguu na kwa akili zake. Sasa tunamsikia mwanamume anayekwenda kwa ndege na hajui anakwenda wapi. Baada ya hapo mwendo unaanguka. Tunaelezwa alivyofika nyumbani akakuta hamna mtu, wala mapenzi. Kisha anasimama katikati ya nyumba ile na kukiri kwamba haamini kama kweli mkewe hayupo. Nyimbo mbili zinazofuata ni za mtu anayejaribu kukielewa kilichompata na kuzoea siku ambazo mara ni pepo, mara ni jehanamu, mpaka kwenye wimbo wa mwisho anapowaomba wapigaji waongeze mwendo kidogo. Mke alianza chini akapanda, na mume alianza juu akashuka. Hakuna mstari hata mmoja katika albamu unaotangaza hivyo, na ni mpangilio wa nyimbo peke yake unaotuambia.

Katikati ya pande hizo kulikuwa na kitendo cha mkono, nacho kinastahili kuzungumzwa kwa kirefu, maana ndicho tulichokipoteza kwanza na kukikosa kwa kuchelewa. Santuri ya mwendo mrefu, iliyoletwa sokoni na kampuni ya Columbia mwaka 1948, ilichukua yapata dakika 20 kila upande. Upande ukiisha, sindano iliingia kwenye mfuo wa mwisho na muziki ukakoma. Msikilizaji alilazimika kuinuka, kuishika santuri kwa kingo zake, kuigeuza na kuiweka upya. Katika albamu nyingi hilo lilikuwa sharti la mashine tu, kero isiyo na maana. Nelson aliligeuza sharti lile likawa sehemu ya kisa. Mwanamke amesema na amemaliza. Swali lake la mwisho halina wa kulijibu. Kisha kimya. Kisha ni msikilizaji mwenyewe, kwa mikono yake, anayeacha upande mmoja na kwenda kumsikiliza mtu wa pili. Akitaka anaweza kukataa. Anaweza kuurudia upande wa mke mara tatu na kumwacha mume bila kusikilizwa, na watu wanaoachana wanajua kwamba jamaa na majirani hufanya hivyohivyo. Kuigeuza santuri kulikuwa kukubali kwamba mwenzake naye ana neno.

Msomaji aliyelelewa katika ushairi wetu atakumbuka ngonjera, utanzu ambao Mathias Mnyampala aliutukuza, ambamo pande mbili hukabiliana, kila mmoja akijibu beti za mwenzake, hata mwisho ukweli ukadhihirika na mmoja akakubali. Ningetamani wasomaji wa ngonjera waisikilize albamu hii kwa sababu hiyo hasa, maana imeyapindua matarajio hayo. Mume hajibu hata neno moja la mke. Hajui kuhusu vyombo wala sakafu, na haonyeshi dalili ya kuzijua zile siku ambazo chuki ilikuwa inakua jikoni kwake. Mke naye hajui kuhusu ndege. Wanasema juu ya nyumba ileile na hakuna kinacholingana isipokuwa kuondoka kwenyewe. Anayesikia pande zote mbili ni msikilizaji peke yake, na mzigo wa hukumu umewekwa juu yake bila kuelekezwa. Kama mtunzi angewakutanisha katika wimbo wa mwisho wakasuluhishana, au hata wakatukanana, angekuwa amesema uongo kuhusu talaka nyingi, ambazo humalizika bila mazungumzo yale ya mwisho kila mmoja aliyokuwa ameyatayarisha kichwani.

Kinachoushikilia mpangilio huu ni kipande kifupi cha muziki, kile chenye jina la albamu, kinachojitokeza mwanzoni na kurudi tena na tena kati ya nyimbo hadi mwisho. Kinakumbusha kwamba mambo ya namna hii huja kwa vipindi na kwamba si mageni kwa binadamu. Hakina hadithi ndani yake. Kazi yake ni ile ya uzi unaoshona ukili kwa ukili mpaka mkeka ukatokea: macho hutazama rangi na nakshi za ukili, na uzi hauonekani, lakini ukikatika kuna vipande tu. Angalia pia kwamba kipande hichohicho kimepewa mke na mume bila kubadilishwa. Hapo, bila hotuba yoyote, mtunzi amewaweka wawili hawa sawa mbele ya jambo lililowapata.

Yupo atakayesema kwamba ninaipa albamu sifa zilizo za nyimbo. Wimbo mzuri, atasema, husimama popote, na aliye na nyimbo kumi nzuri hahitaji nadharia ya mpangilio. Kwa bahati, jaribio la kuipima hoja hiyo lilifanyika mwaka uleule wa 1974. Waylon Jennings, rafiki wa Nelson na mwimbaji mwenye sauti nzito ya kiume kama ilivyopata kutokea Texas, alitoa albamu iitwayo This Time, na Nelson mwenyewe alishiriki kuitayarisha. Ndani yake mna nyimbo nne zilizomo pia katika Phases and Stages. Jennings anaziimba vizuri. Kuna wanaompendelea yeye, na siwalaumu. Lakini ule wimbo wa kutembea, ambao kwa Nelson ni uamuzi wa mwanamke aliyetoka kwenye sinki, kwa Jennings umekuwa wimbo wa mwanamume mzururaji, mmoja kati ya wengi wa aina hiyo katika kantri. Maneno hayakubadilika wala tuni haikubadilika. Kilichobadilika ni jirani zake, na mtu mwingine kabisa akatokea ndani ya wimbo. Albamu ya Jennings ilifanikiwa zaidi sokoni, na wimbo uliobeba jina lake ulimfikisha namba moja ya chati ya kantri kwa mara ya kwanza. Bado ni mkusanyiko wa nyimbo nzuri, na sidhani kwamba iliwahi kudai kuwa zaidi ya hapo.

Tena nyimbo za Nelson hazikuzaliwa zote kwa ajili ya kisa hiki. Ule wa asubuhi ya ulevi alikwisha kuurekodi mwaka 1970, na ule wa ujumbe wa kuaga Jennings alikwisha kuuimba mwaka 1972. Ule wa mume asiyeamini kwamba mkewe hayupo alimtungia mpiga ngoma wake wa miaka mingi, Paul English, ambaye mkewe alifariki. Asili yake ni kilio cha msiba, si cha talaka. Mwingine katika upande huohuo inasimuliwa kwamba aliutunga akimfikiria binti yake. Mpinzani wangu anaweza kuukamata ushahidi huu na kusema: unaona, albamu yako ni viraka vilivyookotwa huku na huko. Mimi nauona kinyume chake. Fundi alikuwa na kilio cha kifo mkononi, akatambua kwamba mwanamume aliyeachwa hulia kwa namna ileile ya aliyefiwa, kwa kutoamini, na akakiweka mahali ambapo mwanamume huyo angekuwa amefika. Kujua wimbo ule unapaswa kukaa wapi ni utunzi wa pili, na ndio utunzi ambao leo hauna anayeulipia.

Mikono iliyoipiga albamu hii nayo ina lake la kusema. Mtayarishaji alikuwa Jerry Wexler wa New York, mtu aliyewarekodi Ray Charles na Aretha Franklin. Badala ya kumpeleka Nelson Nashville, alimpeleka Muscle Shoals Sound, studio ndogo katika mji wa Sheffield, Alabama, iliyoanzishwa mwaka 1969 na wapigaji wanne: Barry Beckett wa kinanda, Roger Hawkins wa ngoma, David Hood wa gitaa la besi na Jimmy Johnson wa gitaa. Hawa walikuwa wazungu wa Kusini waliojenga jina kwa kuwapigia waimbaji weusi wa muziki wa soul, na waliokuwa na mazoea ya Nashville waliona uchaguzi huo haufai. Lakini Wexler alikuwa amelisikia tatizo lenyewe. Nelson haimbi juu ya mdundo. Hutangulia, huchelewa, hukawia kwenye neno kana kwamba amelisahau, kisha hukutana na wapigaji mwisho wa mstari. Mpigaji asiyejiamini humfuata mwimbaji wa namna hiyo na wimbo wote huyumba. Hawkins na Hood hawakumfuata. Walishikilia mwendo wao kwa utulivu, wakaacha nafasi, na ndani ya nafasi hiyo sauti ya Nelson ikasikika kwa mara ya kwanza kama sauti ya mtu anayewaza wakati anasema. Juu yake fidla ya Johnny Gimble na gitaa la pedali la John Hughey vinaingia pale tu vinapohitajika. Kazi yote ilirekodiwa kwa siku mbili. Msikilizaji wa leo akisikia siku mbili hudhani ni haraka, kumbe haraka ni ya wasiojua wanachotaka. Watu hawa walikaa chumba kimoja na kusikilizana, na mpango ulikuwa umekwisha kuwekwa kabla ya mashine kuwashwa.

Pingamizi lililo zito kuliko hilo ni la kihistoria. Tusiitukuze zamani, wataniambia, maana albamu nyingi za kantri za miaka ile zilikuwa taka. Ni kweli. Utaratibu wa Nashville ulikuwa vipindi vya saa tatu, na katika kila kipindi nyimbo tatu au nne. Wimbo mmoja ukivuma, kampuni iliuzungushia nyimbo nyingine tisa au kumi zilizokuwa karibu, ikaipa albamu jina la ule uliovuma, na mnunuzi akalipia zote. Siwezi kuwatetea waliofanya hivyo, na ninakubali kwamba kijana aliyepata uwezo wa kununua wimbo mmoja anaoupenda alipata haki aliyonyimwa kwa muda mrefu. Lakini uzembe wa wengi haufuti ufundi wa wachache. Miaka 18 kabla ya Nelson, mwaka 1956, Jean Shepard alitoa Songs of a Love Affair, albamu ya nyimbo 12 ambamo upande mmoja ni wa mwanamke asiyeolewa na upande wa pili ni wa mke wa ndoa, wanawake wawili wa penzi lilelile lililopinda. Aliifanya hivyo wakati santuri ndefu ilikuwa bado changa na wanawake wa kantri walikuwa hawapewi nafasi ya kupanga chochote. Njia ilikuwapo, na waliokuwa na la kusema waliiona. Kosa la zama zetu si kwamba zina taka, maana kila zama zina taka zake. Kosa ni kwamba tumeivunja ile njia na tunaita kuivunja huko uhuru wa msikilizaji.

Na je, mwanamume ana haki gani ya kumsemea mwanamke aliyemwacha? Hili ni swali la haki, wala sitaki kulipita mbio. Muziki wa kantri wa wakati ule ulikuwa katikati ya mabishano hayo. Tammy Wynette mwaka 1968 aliimba juu ya kumvumilia mume na pia juu ya aibu ya talaka isiyotajwa mbele ya mtoto. Loretta Lynn mwanzoni mwa miaka ya 1970 alisema waziwazi jinsi mtalaka anavyotazamwa na wanaume. Ukilinganisha, Nelson amefanya mambo mawili ya heshima: amempa mwanamke neno la kwanza, na hakumfanya ajute. Mahali alipopungukiwa pia panaonekana. Dunia ya mke ni jiko, nyumba ya mama na baa ya kona. Dunia ya mume ina viwanja vya ndege. Sidhani kwamba Nelson aliuona upungufu huo, na msikilizaji makini ataubaini. Lakini ataubaini kwa sababu pande hizo mbili zimewekwa ubavu kwa ubavu. Ubora wa mpangilio ndio unaofichua hata udhaifu wa mpangaji.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kutoujua ufundi huu, na ni sababu ya njia iliyotuletea muziki wenyewe. Ulikuja kwetu vipandevipande. Mrekodi wa muziki wa Kiafrika Hugh Tracey alipowarekodi Wakipsigisi wa Kenya mwaka 1950 alikuta mwimbaji wa kantri Jimmie Rodgers, aliyekuwa amefariki tangu 1933, amekwisha kuwa kiumbe wa hadithi, nusu mtu na nusu paa, anayeitwa Chemirocha. Santuri zake za gramafoni zilikuwa zimefika kabla ya habari zake. Baadaye redio iliwaleta Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers na Dolly Parton, mpaka Kenya ikawa moja ya nchi za Afrika zinazoupenda muziki huu kwa dhati na kupata waimbaji wake wenyewe, kama Sir Elvis wa Nairobi. Redio hupiga wimbo, haipigi albamu. Basi msikilizaji wetu aliyajua machungu ya kantri kwa dakika tatu tatu, kati ya salamu na taarifa ya habari, na anaweza kuniuliza amepungukiwa nini. Amepata mengi, naye ameyapenda kwa uaminifu kuliko Wamarekani wengi. Ila redio ilikuwa na mtangazaji aliyechagua wimbo gani ufuate upi na saa gani, na huyo naye alikuwa fundi wa kupanga. Orodha inayojichanganya yenyewe haina hata huyo.

Wapo wanaoendelea, nami ningekuwa mkosefu wa haki nisipowataja. Miranda Lambert baada ya talaka yake alitoa mwaka 2016 albamu ya nyimbo 24 iliyogawanywa sehemu mbili, kila moja na jina lake. Kacey Musgraves naye, baada ya ndoa yake kuvunjika, alitoa mwaka 2021 star-crossed, nyimbo 15 zilizopangwa kama tamthilia ya maonyesho matatu. Wasimamizi wa tuzo za Grammy waliamua kwamba haistahili kushindania tuzo ya albamu ya kantri, wakaipeleka kwenye pop. Mafundi basi wapo. Kilichowatoka ni msikilizaji aliyeandaliwa kuipokea kazi kwa utaratibu wake. Mwaka huohuo wa 2021, mwezi Novemba, Adele alipotoa albamu yake ya talaka aliwaomba Spotify wasiichanganye kwa nasibu, nao wakabadilisha kitufe cha kuchezea albamu ili nyimbo zifuatane kama zilivyopangwa. Wengi walilipokea hilo kama ushindi. Kwangu ni habari ya kusikitisha, kwamba ilimpasa mwimbaji mwenye umaarufu wa kiwango kile kuomba jambo ambalo kila seremala hupewa bila kuomba, yaani kwamba miguu ya meza ikae chini ya meza.

Phases and Stages haikupata wa kuiombea hata ilipotoka. Mwaka uleule wa 1974 Atlantic ilifunga idara yake ya kantri, na Nelson akahamia Columbia, ambako mwaka uliofuata Red Headed Stranger ilimletea mafanikio aliyoyasubiri kwa miaka mingi. Leo albamu ya talaka inapatikana kwa yeyote mwenye simu, na hilo ni jema. Lakini imewekwa kama safu moja ya nyimbo zinazofuatana kwa namba, bila dalili yoyote ya mahali ambapo upande mmoja uliishia. Mwanamke anauliza atajuaje kama anapenda tena, na mara banjo ya mume imemwingilia kabla swali halijatua, kana kwamba ndiye aliyeulizwa. Msikilizaji mpya hawezi kujua kwamba hapo palikuwa na kimya, wala kwamba watu hawa wawili hawakusikiana. Kulirekebisha kusingegharimu kitu. Mstari mmoja wa maandishi unaosema upande wa pili ungetosha, na sekunde chache za kungoja. Kampuni zinazohesabu kila sekunde 30 kwa usahihi wa ajabu hazijaona kwamba hizo chache zinafaa kuhesabiwa.